Uzamili wa usimamizi wa ujenzi: unalipia nini hasa

Anayeingia kwenye shahada ya uzamili ya usimamizi wa ujenzi akitaraji kujua kujenga vizuri zaidi atavunjika moyo mapema, pengine kabla muhula wa kwanza haujaisha. Hakuna atakayemfundisha kusuka nondo wala kupima maji ya zege. Kinachouzwa pale ni ufundi wa kulinda muda na pesa za mradi kwa mpango kazi, hesabu na barua. Kwa kipimo hicho zipo kozi zinazostahili ada yake, na zipo nyingine ambazo ni makaratasi matupu yenye nembo ya chuo. Majina ya masomo yanafanana karibu kila mahali, kwa hiyo tofauti huwezi kuiona kwenye kipeperushi.

Tuanze na uzito wake, maana hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Vyuo vya Uingereza hupanga uzamili kwa krediti 180, na kila krediti huhesabiwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Jumla ni saa 1,800 za mihadhara, kusoma, kuandika na tasnifu. Tasnifu peke yake kwa kawaida ni krediti 60, sawa na saa 600. Katika mfumo wa ECTS wa Ulaya, uzamili huwa na krediti 60 hadi 120, na krediti moja ni saa 25 hadi 30. Marekani wana hesabu yao, kozi nyingi zikiwa na krediti 30 hadi 36. Sasa mtu aliyeajiriwa achukue zile saa 1,800 azigawe kwa miaka 2. Akiondoa likizo na wiki ambazo saiti haimpi hata nafasi ya kupumua, akabaki na wiki 45 kwa mwaka, anadaiwa saa 20 kila wiki. Hiyo ni saa 2 kila jioni ya siku ya kazi, halafu Jumamosi nzima. Tangazo linalosema kozi "inawafaa walio kazini" halidanganyi, ila hiyo Jumamosi hailitaji.

Mpango kazi

Somo hili ndilo njia rahisi ya kutambua kozi nzuri. Mbinu ya CPM, ya kutafuta mlolongo wa kazi ambao ukichelewa siku moja mradi mzima unachelewa siku moja, ilibuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 na watu wa DuPont na Remington Rand. Msingi wa hesabu yake ni uleule hadi leo, na unafanyika kwa penseli: unatoka mwanzo kwenda mwisho ukitafuta tarehe za mapema za kila kazi, unarudi nyuma ukitafuta tarehe za mwisho zinazovumilika, na tofauti ya hizo mbili ndiyo nafasi ya kazi hiyo. Kozi dhaifu huruka penseli. Humkalisha mwanafunzi moja kwa moja mbele ya programu ya kompyuta kama Primavera P6 au Microsoft Project, naye akajifunza kubofya. Anachotoka nacho ni chati ya rangi za kupendeza yenye mantiki iliyokatika: kazi isiyofuatwa na kitu, tarehe zilizofungwa kwa nguvu ili ucheleweshaji usionekane, mstari mmoja wa siku 90 ulioandikwa "umaliziaji" na basi. Programu hailalamiki. Inachora tu.

Kozi nzuri humkabidhi mwanafunzi mpango kazi mbovu wenye kazi mia kadhaa na kumwambia autafutie kasoro. Vigezo 14 vya DCMA, wakala wa Marekani unaosimamia mikataba ya ulinzi, hutumika sana kwa zoezi hili: kazi zilizokosa mtangulizi au mfuasi zisizidi asilimia 5, kazi yenye muda au nafasi inayopita siku 44 za kazi itiliwe shaka, na kadhalika. Namba hizo si msahafu, kwani bwawa la umeme halipimwi sawa na jengo la ghorofa 4. Lakini mwanafunzi aliyegundua mwenyewe kwamba usimikaji wa lifti umefungwa na upakaji rangi wa nje, badala ya kusubiri shimo la lifti likamilike na umeme wa kudumu uingie, hatarudia kuamini chati kwa macho.

Baada ya hapo lije suala la nafasi ni mali ya nani. Chukua mfano huu. Kazi ya madirisha ina nafasi ya siku 14. Mwenye mradi anachelewesha michoro kwa siku 10. Mkandarasi anaomba aongezewe siku 10. Mwongozo wa Society of Construction Law, chama cha sheria za ujenzi cha Uingereza, kuhusu ucheleweshaji, toleo la pili la 2017, unasema kwamba kama mkataba haujasema vingine, muda huongezwa pale tu ucheleweshaji wa mwenye mradi unapotarajiwa kuishusha nafasi iliyobaki chini ya sifuri. Kwa hiyo hapati hata siku 1. Wiki chache baadaye mkandarasi naye anachelewa siku 6 kwenye madirisha hayohayo. Nafasi iliyobaki ni siku 4, hivyo mradi unasogea siku 2, na gharama ya siku hizo ni juu yake. Je, ni haki? Darasa zuri hugawanyika hapo kwa saa nzima, na mhadhiri mwenye busara huacha ligawanyike. Ukikuta mtaala unaotaja CPM bila kutaja uchambuzi wa ucheleweshaji, jua umepewa nusu ya somo.

Mkataba, ambako shahada hujilipa

Hapa ndipo mhandisi au fundi mzoefu hupata kitu ambacho saiti haikuwahi kumfundisha, au ilimfundisha kwa hasara. Mikataba ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri lililoanzishwa 1913, ndiyo inayofundishwa kwa upana zaidi kwenye miradi ya kimataifa, na mkataba wake uitwao Kitabu Chekundu, toleo la 1999, bado unatumika pamoja na toleo la 2017. Kifungu cha 20.1 cha 1999 kinamtaka mkandarasi anayedai muda au malipo ya ziada atoe taarifa ndani ya siku 28 tangu alipolijua tukio, au alipopaswa kulijua. Akizipitisha, hapati muda wala malipo. Dai lenye maelezo kamili lifike ndani ya siku 42 tangu tarehe ileile. Toleo la 2017 liliongeza hizo 42 zikawa 84, na sharti la taarifa ya siku 28 likambana mwenye mradi pia.

Kuyakariri hayo ni kazi ya nusu saa. Ugumu uko kwenye kuyatumia. Tuseme mkataba unataka eneo la ujenzi likabidhiwe tarehe 1 Machi, likakabidhiwa tarehe 20 Aprili. Mkandarasi anaandika barua tarehe 5 Mei akidhani bado ana siku 13 mkononi, maana amehesabu tangu siku tatizo lilipokwisha. Lakini tukio alilijua tarehe 1 Machi lango lilipokuwa limefungwa, na siku 28 ziliisha tarehe 29 Machi. Kosa la pili linalojirudia ni kudhani kumbukumbu za kikao zinatosha kwa sababu "tulilizungumza na mhandisi alikuwepo". La tatu ni barua ndefu ya malalamiko ambayo haisemi popote kwamba hii ni taarifa ya dai. La nne ni barua iliyoandikwa vizuri ikapelekwa kwa mtu ambaye mkataba haumtambui kupokea taarifa.

Kozi inayofaa hutoa furushi la nyaraka: barua 10 au 12, shajara za saiti, picha zenye tarehe, mpango kazi wa awali na wa marekebisho, kisha mwanafunzi aandike taarifa, dai na jibu la upande wa pili. Upande wa pili una faida kuliko wa kwanza, kwa sababu ukishaandika barua ya kulikataa dai lako mwenyewe unaona matundu yake yote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna tasnia inayolithibitisha hilo kama ujenzi: dai la wiki 6 huanguka kwa sababu shajara ya siku 3 muhimu haikuandika idadi ya mafundi waliokaa bure.

Vyuo vingine huongeza NEC, familia ya mikataba ya Uingereza iliyotoka mara ya kwanza 1993 na ambayo toleo lake la NEC4 ni la 2017. Ni vizuri kuisoma sambamba na FIDIC kwa sababu falsafa yake ni nyingine. NEC hudai pande zote zipeane tahadhari mapema, kabla tatizo halijawa dai. Mwanafunzi aliyesoma mkataba mmoja tu hudhani desturi zake ndiyo sheria ya dunia.

Pesa

Mtiririko wa fedha mara nyingi hupewa mihadhara 2 tu, na hilo ni kosa la mtaala. Makampuni mengi ya ujenzi huanguka yakiwa na faida kwenye makaratasi na akaunti tupu benki. Chini ya Kitabu Chekundu cha 1999, malipo ya awamu hutakiwa kufanyika ndani ya siku 56 tangu mhandisi anayesimamia mkataba apokee hesabu ya mkandarasi. Kazi ya Januari ikipelekwa kwa mhandisi tarehe 5 Februari, malipo yanaweza kufika tarehe 2 Aprili na mwenye mradi akawa hajakosea lolote. Mkandarasi anayetumia 100 kwa mwezi, bila malipo ya awali, ameshatoa 300 mfukoni kabla hajapokea kitu. Na anachopokea kimekatwa amana ya uangalizi, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10, ambayo nusu yake hutolewa mradi unapokabidhiwa na nusu nyingine baada ya kipindi cha kasoro. Mafundi wanalipwa kila wiki. Mwenye duka la saruji naye hajui habari za siku 56. Zoezi la kuchora mtiririko huu mwezi kwa mwezi, kisha kuurudia hati moja ya malipo ikiwa imechelewa siku 30, linatosha kumfanya mtu asome upya masharti ya malipo kabla ya kutia bei kwenye zabuni.

Thamani ya kazi iliyokamilika ndiyo hesabu nyingine ya lazima, na kwa bahati nzuri ni nyepesi. Bajeti yote ni 1,000. Mpango ulisema hadi mwisho wa mwezi wa 4 kazi ya 400 iwe imefanyika. Iliyofanyika kweli ni ya 340, na imegharimu 425. Gawanya 340 kwa 425 unapata 0.80, yaani kila shilingi inayotoka inaleta kazi ya senti 80. Gawanya 340 kwa 400 unapata 0.85, kasi iko nyuma. Mwenendo ukibaki huohuo, gharama ya mwisho ni 1,000 gawanya kwa 0.80, sawa na 1,250. Mwalimu akiishia hapo amekuacha njiani, kwa sababu yanayoharibika ni mawili. Kwanza, watu huhesabu nondo zilizoshushwa saiti kana kwamba ni kazi iliyokamilika, na 340 inakuwa 390 kwa uchawi. Pili, kipimo cha kasi hurudi 1.00 mradi unapokamilika hata kama umechelewa mwaka mzima, maana mwishoni kazi iliyopangwa na iliyofanyika huwa sawa. Kwenye theluthi ya mwisho ya mradi usikitegemee. Rudi kwenye CPM.

Mengine yanapitika haraka. Kwenye BIM, yaani usimamizi wa taarifa za jengo kupitia modeli ya kompyuta, usitafute kozi inayokufundisha kuchora modeli. Uliza kama wanafundisha kiwango cha ISO 19650, ambacho sehemu zake mbili za kwanza zilitoka 2018, maana kinahusu nani anatoa taarifa gani, lini na kwa jina gani la faili. Ujenzi usio na upotevu ufundishwe kupitia Last Planner, mbinu ya ahadi za kazi za kila wiki ya Glenn Ballard na Greg Howell: wiki hii timu zimeahidi kazi 30, zimetimiza 24, ni asilimia 80, na kinachotafutwa ni sababu za zile 6. Kozi inayoishia kwenye asilimia imekupa kipimajoto bila dawa. Usalama uwe na mifano ya kweli, si mabango ya kofia ngumu. Kuporomoka kwa njia za juu za hoteli ya Hyatt Regency, Kansas City, 1981, kulikoua watu 114, ni somo lisilochuja: fito moja ya kuning'iniza ilibadilishwa ikawa mbili, mzigo kwenye kiungo cha njia ya juu ukawa mara mbili, na badiliko hilo likapita bila hesabu kurudiwa. Udhibiti wa mabadiliko ukifundishwa kwa mfano huo, hakuna atakayeiona fomu ya kuidhinisha mabadiliko kama urasimu.

Tasnifu, mahali ada inapopotea

Kuna aina ya tasnifu inayozalishwa kwa wingi: "Sababu za ucheleweshaji wa miradi ya ujenzi." Mwanafunzi anaokota sababu 35 kutoka tafiti za wengine, anazitia kwenye dodoso la alama 1 hadi 5, analituma kwa watu, anarudishiwa majibu 40, kisha anapanga sababu kwa faharasa ya umuhimu: jumla ya alama igawanywe kwa 5 mara idadi ya waliojibu. Sababu iliyopata alama 164 kati ya 200 inatoka na 0.82 na inatangazwa ya kwanza. Hesabu ni sahihi. Kilichopimwa ni maoni, tena yanayotabirika: wakandarasi husema tatizo ni malipo ya mwenye mradi, washauri husema ni uwezo wa mkandarasi, na tofauti kati ya 0.82 na 0.80 kwa watu 40 haina maana yoyote. Wasimamizi huipitisha kwa sababu haina hatari ya kukwama. Mwajiri akiisoma hapati cha kumuuliza mwombaji kwenye usaili.

Swali finyu hushinda. Kwa mfano: katika miradi 5 ya kampuni moja, ni siku ngapi hupita kati ya mkandarasi kuwasilisha hesabu na pesa kuingia, na siku hizo zinakwama kwenye meza ipi? Data yake ni tarehe zilizopigwa mhuri. Ugumu uko kwenye ruhusa, kwa hiyo barua ya kampuni kukubali kutoa nyaraka ipatikane kabla pendekezo la utafiti halijawasilishwa, ikieleza kwamba majina na bei zitafichwa. Kamati ya maadili ya utafiti nayo ina foleni yake, na data iliyokusanywa kabla ya kibali chake inaweza kukataliwa yote. Anayeanza kutafuta ruhusa muhula wa tasnifu unapofunguliwa ameshachelewa, na karibu wote hao huangukia kwenye lile dodoso la sababu 35.

Nani asome, na lini

Kwa maoni yangu, miaka 2 hadi 5 ya saiti au ya ofisi ya ukadiriaji majenzi ndiyo muda unaofaa kabla ya kujiunga. Chini ya hapo, mihadhara ya madai inasikika kama hadithi. Mtu aliyetoka moja kwa moja shahada ya kwanza atafaulu mitihani, lakini hana tukio hata moja la kulipima analofundishwa. Aliyefika miaka 15 na tayari anaongoza miradi afikirie badala yake kozi fupi ya mikataba na usuluhishi wa migogoro, itamfaa zaidi kwa muda mchache. Anayelenga kuwa mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa aende uzamili wa ukadiriaji majenzi wenyewe, si huu.

Na kuhusu usajili, kuna kutoelewana kunakowagharimu watu. Shahada hii haikufanyi mhandisi. Makubaliano ya Washington ya 1989, ambayo nchi wanachama hutumia kutambuana shahada za uhandisi, yanahusu shahada ya kwanza. Ithibati ya kutafuta kwenye uzamili wa usimamizi wa ujenzi ni ya vyombo kama CIOB (taasisi ya wasimamizi wa ujenzi) na RICS (taasisi ya wapimaji na wakadiriaji majenzi) vya Uingereza, au ACCE, baraza la elimu ya ujenzi, kwa Marekani. Usitosheke na nembo kwenye tovuti ya chuo. Nenda kwenye orodha ya chombo chenyewe, utafute jina kamili la kozi, tawi, namna ya kusoma na mwaka wa kuanza. Ithibati ya kozi ya ana kwa ana haimaanishi ile ya mtandaoni nayo inayo.

Mtandaoni au darasani? Mikataba, mpango kazi na fedha vinasomeka vizuri mtandaoni, mradi marejesho ya kazi zako yawe ya maandishi na yafike kabla ya kazi inayofuata. Kisichohamia vizuri ni zoezi la majadiliano, watu 4 upande huu na 4 upande ule wakigombania siku 21 za nyongeza. Kwenye skrini mmoja hufungua kipaza sauti na saba hunyamaza.

Kabla ya kulipa, omba vitu vitatu kwa barua pepe. Maelezo kamili ya kila somo yakionyesha mgawanyo wa alama, kwa sababu somo la mkataba linalopimwa kwa insha moja ya maneno 3,000 kuhusu "umuhimu wa mikataba" si somo la mkataba. Vichwa vya tasnifu 10 za mwaka uliopita. Zikiwa 7 za "sababu za" au "changamoto za", umeshajibiwa. Na idadi ya wanafunzi ambao kila msimamizi hubeba kwa wakati mmoja, pamoja na saa za kukutana zilizoandikwa kwenye kanuni za kozi. Ofisi ya udahili inayojibu mawili ya kwanza na kukaa kimya kuhusu la tatu iandikiwe tena, safari hii kwa mratibu wa kozi.